Mtoto wa Kumi na Mbili

Wiki ile ya Februari Rauni Haapakangas hakuwa na raha tangu Jumatatu. Hakulala vizuri, hakula vizuri, na kila baada ya dakika tano alikuwa anaitoa simu mfukoni, anaangalia namba moja, anairudisha. Jumatatu namba ilikuwa tisa. Jumanne kumi. Jumatano asubuhi ikawa kumi na moja, na hapo ikagoma, Jumatano kutwa nzima, utadhani gari lililokwama kwenye theluji. Yeye alikuwa anaitaka kumi na mbili. Si kumi na tatu, si ishirini. Kumi na mbili tu, kabla ya Alhamisi saa tisa alasiri.

Namba yenyewe ilikuwa ya watoto. Watoto wa darasa la tatu, shule ya Hirvisalmi, huku kwetu Ufini ya mashariki, ambao wazazi wao walikuwa wamebonyeza kwenye mtandao wa shule kwamba kuanzia darasa la nne mwanao atasoma Kijerumani. Kiingereza kila mtoto anasoma, hilo halina mjadala. Kiswidi nacho kitawafuata baadaye, wapende wasipende. Lakini lugha hii nyingine ni ya hiari, na kundi halianzi mpaka lipate watoto kumi na wawili. Wakipungua hata mmoja, hakuna kundi.

Na nani aliyeiandika hiyo sheria? Muulize mtu yeyote pale mjini, atakujibu bila hata kuinua macho kwenye kikombe chake cha kahawa: Rauni. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Ndiyo maana mimi huwa nashindwa kumhurumia moja kwa moja, ingawa namhurumia sana.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Binti wa wafuga ng'ombe wa maziwa, alikwenda Lübeck, Ujerumani, akiwa na miaka kumi na tisa kufanya kazi ya kiangazi kwenye duka la mikate, akarudi vuli lugha ya watu imeshamkaa mdomoni. Hakuiacha tena. Alikuwa ameifundisha Hirvisalmi kwa miaka thelathini na mmoja, na kuna mafundi bomba pale mjini ambao hadi leo wakigonga kidole kwa nyundo hulaani kwa Kijerumani.

Miaka sita nyuma mji ukampa kazi ya pili, kuutengeneza mtaala wa lugha. Jamani, ule mtaala ulikuwa aibu tupu. Kwenye karatasi kulikuwa na lugha tano, na hakuna hata moja iliyokuwa inapumua. Kundi linaanza na watoto wanne, likifika Krismasi limekufa. Mwaka huu Kirusi kinaanzia darasa la tano, mwaka kesho darasa la nane, kutegemea mwalimu mkuu ameamkia upande gani wa kitanda. Rauni akakaa chini na makaratasi miezi saba. Akahesabu vipindi, akawauliza watoto kwa nini wanaacha, akaangalia ratiba ya taksi za shule, maana nusu ya watoto wetu wanakaa ndani msituni. Akatoa mpango wa kurasa arobaini na moja.

Mambo matatu ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa mpango ule. Kwamba kundi lianze na kumi na wawili, lisianze na pungufu. Kwamba lugha ikikosa kundi miaka miwili mfululizo itolewe kabisa kwenye mtaala wa mji, tuwe na lugha chache lakini zilizo hai. Na kwamba anayechagua ni mtoto. Mzazi kazi yake ni kuandika alichosema mtoto, basi. Hilo la tatu alilipigania zaidi ya yote, kwa sababu alikuwa amefundisha watoto waliosukumwa na mama zao, wakamkalia darasani miaka mitano kama magunia ya viazi. Bodi ya elimu ilimpigia makofi siku ile. Huku kwetu watu hawapigi makofi ovyo.

Lugha ya kwanza kutolewa ilikuwa Kifaransa. Mwaka wa pili wa kukosa kundi kilipata watoto kumi na mmoja. Mwalimu wake, mama mmoja anaitwa Annukka, aliyekuwa amekaa meza moja na Rauni chumba cha walimu miaka tisa, akaomba kwenye kikao: ni mtoto mmoja tu, jamani. Rauni akasimama, akasema kumi na moja si kumi na mbili. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sababu ndivyo ilivyo. Annukka akafunga vitu vyake kwenye maboksi akahamia mji wa Kuopio, na kadi yake ya Krismasi haikuja tena.

Halafu mwaka uliofuata Kijerumani chenyewe kikapata wanane. Kwa hiyo hii Februari ilikuwa ndiyo ya mwisho. Kukosa safari hii ni kutolewa.

Kazi yake isingekwisha mara moja. Wangempa vipindi mji wa pili, kilomita themanini kwenda na themanini kurudi, barafu barabarani, mpaka pensheni. Hilo lilimsumbua, nisiseme uongo. Lakini lililomkata maini ni jingine. Lugha ikishatoka kwenye mtaala wa mji mdogo hairudi. Mwalimu hatafutwi tena, vitabu vinapelekwa stoo, na baada ya miaka kumi hakuna hata anayekumbuka kuuliza. Na mkono uliofungua mlango wa kutokea ungekuwa wake.

Tena kosa la Januari lilikuwa lake pia. Kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja alimuuliza, je, Kijerumani ni kigumu? Mtu mwingine angezungukazunguka. Rauni akasimama mbele ya ukumbi na soksi zake za sufu, maana huku viatu vinaachwa mlangoni, akasema, "Ndiyo, kigumu. Vipindi viwili kila wiki baada ya saa za masomo. Siku hizo mtoto ataikosa taksi ya kwanza, atasubiri saa nzima. Na msimu wa baridi atafika nyumbani giza limeshaingia." Akakaa. Wazazi wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima, wakaenda zao.

"Loo, wewe mwanamke!" Eila, karani wa shule, alimwambia baadaye. Eila alikuwa na ulimi mkali na moyo laini. "Ungekuwa muuza samaki ungewaambia wateja huyu ameanza kunuka mkiani."

"Kama ananuka si waambiwe?"

"Hanuki, Rauni! Ndiyo maana yangu. Hanuki!"

Ungeniuliza kwa nini basi asiwapigie simu wale wazazi waliokuwa hawajajibu, na majina yao alikuwa nayo. Hapana. Huku kwetu kumbembeleza mtu ni kumwaibisha, unamnyima nafasi ya kukataa. Mji mzima ulijua Rauni anapungukiwa na mtoto mmoja, na mji mzima ulikuwa kimya. Walikuwa wanakutana naye dukani penye maziwa, wanamtazama kwa huruma, halafu wanasema baridi ya mwaka huu imezidi.

Alhamisi saa mbili asubuhi, kumi na moja. Saa tatu, kumi na moja. Saa nne alikuwa anafundisha darasa la tisa huku simu iko juu ya meza chali, jambo ambalo mwanafunzi akilifanya yeye huifungia simu hiyo kabatini. Kumi na moja. Alikuwa akijisemea moyoni, sasa hivi, sasa hivi.

Saa tano akaenda kula. Alhamisi ni supu ya njegere, shule zote, nchi nzima. Alikuwa kwenye foleni na sahani yake alipomsikia Eila anakuja mbio, na Eila si mtu wa kukimbia.

"Rauni! Rauni we! Umeangalia?"

"Nimeangalia dakika tatu zilizopita."

"Angalia tena!"

Kumi na mbili.

Akachukua supu yake, akakaa. Mwalimu mkuu, Sampsa Kettula, kijana wa miaka thelathini na minane anayependa kila kitu kiwe kama mechi ya mpira wa magongo kwenye barafu, alipoambiwa akagonga kijiko kwenye bilauri mpaka ukumbi wote ukanyamaza. "Sikilizeni! Kijerumani kimefunga bao dakika za mwisho! Kumi na wawili! Mwalimu Rauni, simama tukuone." Watoto wakashangilia, wengine hata hawakujua wanashangilia nini. Rauni akasimama nusu, akakaa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, akayasingizia mvuke wa supu.

"Ni nani huyo mtoto?" akamuuliza Eila.

"Hilla. Hilla wa Jouko Räihä."

Kijiko cha Rauni kilisimama njiani.

Rauni alimfahamu Jouko vizuri. Alimfundisha miaka ishirini na minne nyuma, kijana wa miaka kumi na mitano aliyekuwa anakaribia kufeli kila kitu, mama yake mgonjwa kitandani, baba hayupo. Msimu mzima wa machipuko Rauni alikuwa anakwenda kwao kila Jumanne, anakaa naye jikoni, wanasoma. Alipita kwa chupuchupu tu, lakini alipita, akaingia chuo cha ufundi, na leo anaendesha mashine kubwa ya kukatia miti. Asante hakuisema hata siku moja. Si kwamba hana adabu. Jambo kubwa namna ile huku kwetu halishukuriwi kwa mdomo. Unakaa nalo kifuani mpaka siku utakayopata la kufanya.

Wasiwasi ukarudi, lakini Rauni akaukanyaga. Huenda mtoto anapenda. Kwa nini asipende? Akamalizia supu yake, akala na chapati tamu ya tanuri na jamu juu.

Saa sita na robo, mapumziko, alikuwa peke yake darasani mlango ulipogongwa kidogo sana. Alikuwa mtoto wa kike wa miaka tisa, nywele nyeupe, soksi moja imeshuka.

"Mwalimu."

"Hilla! Karibu, njoo ndani. Nimesikia habari njema."

Mtoto hakusogea. Akashika kitasa. "Mimi Kijerumani sitaki."

Rauni aliweka kalamu chini polepole. "Lakini jina lako limeandikwa."

"Baba ndiye ameliandika. Asubuhi alikuwa anakula mkate, akaandika."

"Hakukuuliza kwanza?"

"Aliniambia alipomaliza. Nikamwambia sitaki. Akasema Mwalimu Rauni ana shida, na sisi hatuwezi kukaa tu tunaangalia." Akavuta pumzi. "Akasema pia nisikwambie."

Hapo Rauni akafanya kitu ambacho mpaka leo kinamchoma akikikumbuka. Akaanza kubembeleza. "Unajua, mama, wengi mwanzoni hawataki. Halafu wanapenda. Tunaimba. Desemba tunaoka biskuti. Kuna barua tunaandikiana na watoto wa huko..." Akaisikia sauti yake mwenyewe, imejaa sukari, ya mtu anayeuza kitu. Mtoto alikuwa anatazama sakafu.

"Unaogopa kuchelewa taksi?"

"Hapana."

"Kuna mchezo unataka kwenda saa hizo?"

"Hapana. Sitaki tu." Kisha, kwa sauti ndogo kabisa, "Lakini ukisema lazima, nitakuja."

Rauni alimtazama yule mtoto, naye amesimama wima anangoja kuambiwa lazima.

"Nenda kacheze," akasema mwishowe. "Nenda, mama. Nitaona la kufanya."

Mlango ulipofungwa akabaki amekaa. Nitaona la kufanya! Afanye nini? Asipofanya kitu chochote, mambo yanakwenda. Saa tisa mtandao unafungwa, kumi na wawili wanabaki kumi na wawili, jioni bodi inapokea orodha, kundi linaanza Agosti. Nani angejua? Hilla angekuja, amekaa nyuma na soksi yake, mwaka mmoja, miwili. Na mtoto wa miaka tisa anajua nini anachotaka? Leo hataki njegere, kesho anaomba ya pili. Tena wako kumi na mmoja wanaotaka kweli. Kumi na mmoja kwa mmoja! Ungepiga kura, kesi ingekwisha dakika moja.

Aliyasema hayo yote kichwani, akayarudia, na kila aliporudia yalizidi kupungua nguvu. Kipindi kilichofuata alifundisha hajui anafundisha nini. Mara mbili aliuliza swali lile lile. Simu sasa hakutaka kuiona; aliisukuma chini ya daftari.

Saa nane na dakika kumi wanafunzi wakatoka. Akaitoa simu, akampigia Jouko. Haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa. Huko msituni mashine inanguruma mtu hasikii hata bunduki. Saa nane na dakika ishirini na tano akapiga mara ya tatu, akasikia mlio mpaka ukakatika, na nusu yake ikafurahi. Si nimejaribu? akajiambia. Nimejaribu mara tatu, mtu hapatikani. Akasimama, akajimiminia kahawa iliyopoa, akaimwaga. Saa nane na dakika thelathini na nane simu ikaita.

"Jouko hapa."

"Rauni."

Nyuma ya Jouko injini ilikuwa inapumua.

"Huko baridi?" akauliza Rauni.

"Digrii kumi na nane chini ya sifuri."

"Hapa kumi na tano." Akaitazama saa ya ukutani, mshale unatembea. "Jouko, Hilla hataki."

"Atazoea."

"Amekuja kuniambia mwenyewe."

"Nilimwambia asikwambie! Huyu mtoto..." Akaguna. "Rauni, umeshapata kumi na wawili wako. Kata simu ukanywe kahawa."

"Futa jina lake."

"Nini?"

"Ingia kwenye mtandao ufute. Una dakika ishirini."

"Una wazimu wewe? Mji mzima unajua unahitaji mtoto mmoja. Nimekupa. Sasa unanirudishia?"

"Hukunipa kitu chako, Jouko. Umenipa cha kwake."

Jouko akaizima injini. Aliporudi sauti ilikuwa imebadilika, ya mtu anayesema kwa shida. "Mama alikuwa amelala chumba cha pili. Wewe ulikuwa unapika viazi kwanza, ndiyo unafungua kitabu. Unadhani nimesahau?"

"Viazi vile viliungua."

"Viliungua, ndiyo. Kila Jumanne." Akacheka pumzi moja. "Tulikula."

"Nilikuja kwa sababu nilitaka kuja. Hakuna aliyenituma. Na wewe ulinifungulia mlango kwa sababu ulitaka. Ungekataa ningerudi nyumbani." Aliitazama tena saa ya ukutani. "Kama unataka kunisaidia, nisaidie leo. Futa."

"Huo ndio msaada unaoutaka?"

"Ndio huo."

"Na Kijerumani chako je?"

"Futa, Jouko, kabla sijabadili mawazo! Nakuomba!" Alikuwa amepaza sauti. Katika miaka ishirini na minne Jouko hakuwa amemsikia akimwomba mtu kitu.

"Siwaelewi nyinyi walimu," akasema, akakata.

Saa nane na dakika hamsini na moja namba ikawa kumi na moja.

Zikabaki dakika tisa. Nikwambie, zilikuwa ndefu kuliko zile siku nne. Familia tatu zilikuwa bado hazijajibu kabisa, na Rauni, aliyemfukuza wa kumi na mbili kwa mdomo wake, sasa alikuwa anaomba aje mwingine. Alishika simu kwa mikono miwili. Hamsini na nne. Jibu la familia moja likaingia. Hakuna lugha, waliandika, hatuhitaji. Hamsini na sita. Hamsini na nane. Akaanza kuwaza labda mtandao umekwama, labda kuna mama mahali fulani anabonyeza wakati huu huu na kitu hakipiti. Kioo kikageuka kijivu. Muda wa kuchagua umekwisha, kikasema, asanteni.

Sampsa aliingia bila kugonga. "Rauni, Eila ananiambia kumi na moja. Si tulikuwa kumi na wawili?"

"Tulikuwa."

"Kajitoa nani?"

"Hilo liache."

Sampsa alimwangalia, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Akavuta kiti kidogo cha mwanafunzi, akakaa magoti yamemfika kidevuni. "Sikiliza. Naipeleka kwenye bodi jioni hivi hivi, naiombea ipite. Mtoto mmoja tu. Nani atahesabu?"

"Annukka atahesabu."

"Annukka yuko Kuopio!"

"Huko huko Kuopio atahesabu. Na asipohesabu yeye, nitahesabu mimi." Nusu dakika nzima alitamani Sampsa abishe, asimsikilize, aende kwenye bodi kwa ukaidi wake. Hakwenda. Huku kwetu mtu akisema hapana tunamwamini.

"Basi ile sura ya Kijerumani itabidi itoke kwenye mtaala kabla ya Aprili," akasema Sampsa polepole. "Na mratibu ni wewe. Naweza kumpa mtu mwingine kazi hiyo."

"Niliiandika mimi. Nitaitoa mimi." Hakulia mbele yake. Alilia baadaye, kwenye chumba cha kuvulia viatu, katikati ya mabuti madogo madogo ya mvua na theluji, amejishikilia kwenye kulabu ya makoti.

Ijumaa asubuhi ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo ya kuteleza kwenye theluji. Sampsa alisema atawaambia watoto yeye. Rauni akakataa, akaenda mwenyewe darasa la tatu, akasimama mbele ya ubao. Watoto kumi na tisa wa darasa lile walimtazama, na kwa nyuso alijua ni akina nani kumi na mmoja wake. Hilla alikuwa kando ya dirisha.

"Nimekuja kuwaambia kwamba Agosti hakutakuwa na kundi la Kijerumani," akasema. "Hatukutosha."

"Si kweli!" Mvulana mmoja anaitwa Oiva alishasimama. "Jana mwalimu mkuu alisema tumefika kumi na mbili! Sote tumesikia, kwenye supu!"

"Ndiyo! Alisema!"

"Kuna mtu amejitoa," akasema mwingine. "Nani amejitoa?"

Wakaanza kuangaliana. Wakaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti, kama watoto wanavyohesabu wakitafuta mchawi: mimi, na Oiva, na Taimi, na pacha wawili. Kidole kilikuwa kinatembea meza kwa meza, kinaelekea dirishani. Masikio ya Hilla yalikuwa mekundu mpaka nyuma ya shingo.

"Hakuna aliyejitoa," akasema Rauni.

Kidole kikasimama.

"Nilihesabu vibaya mimi. Nikamwambia mwalimu mkuu kumi na mbili, naye akatangaza. Mlikuwa kumi na mmoja tangu mwanzo."

Mwanamke huyu hakuwahi kudanganya ukumbi wa wazazi hata kwa faida yake mwenyewe, na watoto walijua kwamba Rauni akisema kitu ndivyo kilivyo.

"Wewe, Mwalimu?" Oiva aliuliza, bado hajaamini. "Umeshindwa kuhesabu mpaka kumi na mbili?"

"Nimeshindwa."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya meza, na maneno yale yalitoka nje ya shule kabla yake. Kufikia Jumamosi yalikuwa dukani, kufikia Jumapili yalikuwa kwenye kahawa ya kanisani, na hadi leo kuna watu wanamwambia Rauni akinunua mayai, hesabu vizuri, mama. Hajawahi kuwajibu. Na yeye akacheka nao pale ubaoni, kidogo, inavyopasa, huku akijitahidi asiangalie dirishani.

Taimi, wa meza ya mbele, ndiye hakucheka. Alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja, mtoto mwenye meno mawili ya mbele makubwa kuliko mdomo. Alingoja wenzake wamalize.

"Basi mwakani?" akauliza. "Nikiwa darasa la nne naweza kungoja. Nitangoja tu."

Rauni alishika ukingo wa meza yake. Angeweza kusema tutaona. Angeweza kusema labda.

"Hapana, Taimi," akasema. "Mwakani pia hakuna. Usingoje."